Jiwe la Kusagia Tulilopeleka Shumba

Mwezi huu naomba tusafiri pamoja hadi Shumba, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, katika wilaya ya Micheweni. Mimi nilizaliwa na kukulia Lushoto, kwenye milima ya Usambara, na kwa umri wangu huu wa miaka arobaini na kitu nilikuwa sijavuka bahari kwenda Pemba hata mara moja. Kilichonivusha ni jiwe.

Habari ilianza hivi. Shoga yangu mmoja, ambaye tulisoma naye uuguzi na kulala naye chumba kimoja hadi tukapata stashahada, ni mzaliwa wa Shumba. Mama yake mzazi, ambaye sote humwita Bi Mkubwa, alivunjikiwa na jiwe lake la kusagia. Alikuwa nalo tangu alipoolewa. Marehemu mumewe alikuwa baharia wa majahazi, na ndiye aliyelileta kutoka Tanga. Shoga yangu akanipigia simu: "Shoga, kwenu milimani mawe hayanunuliwi. Nitafutie moja la mama. Blenda tumemnunulia, anaitazama tu."

Nilicheka. Kisiwa kizima kina mawe, tena nilikwisha kusikia kwamba upande wa Micheweni mtu hupata shida kupata udongo wa kupandia muhogo kwa sababu ya mawe. Iweje mtu wa huko aagize jiwe Lushoto? Kijana wangu alikuwa jikoni akisikiliza. Akasema, "Mama, yale ya kwao hayasagi. Ukisagia jiwe lile utakula jiwe."

Hapo lazima niseme jambo ambalo si rahisi kulisema. Kijana wangu huyu yuko chuo kikuu, anasoma jiolojia, yaani elimu ya miamba. Krismasi iliyotangulia safari yetu, tukiwa mezani, baba yake alimuuliza anajifunza nini huko. Akaeleza kwa furaha kwamba mawe ya nyuma ya nyumba yetu yaliokwa chini ya ardhi miaka zaidi ya milioni 600 iliyopita. Alikuwepo mzee mmoja wa kanisa, naye akamuuliza, "Na Mwanzo sura ya kwanza umeiweka wapi?" Kijana akajibu jibu ambalo sitaliandika hapa. Baba yake akasema maneno kama hayo yasisikike tena nyumbani kwake. Tangu siku ile kijana akija likizo anakula, anaosha vyombo, lakini saa ya sala ya jioni anasema kichwa kinamuuma na kutoka nje. Akina mama mnajua kiti kitupu saa ya sala kinavyouma kumtazama.

Basi nikamwambia, "Wewe ndiwe utakayelichagua jiwe, na wewe utalibeba." Jiwe lilikuwa zito kweli. Nililipima kwa mizani ya kliniki ya watoto, likawa kilo 14 bila mwana wake. Lakini kusema kweli nilitaka nipate siku tatu za kuwa naye peke yangu.

Tulivuka kwa meli kutoka Tanga. Bahari ya pale si kama ile ya kati ya Dar es Salaam na Unguja. Mkondo wa Unguja ni wa kina kifupi, na wakati wa baridi kuu ya dunia, kama miaka 20,000 iliyopita, maji mengi yalipoganda huko kaskazini bahari ilishuka zaidi ya mita 100, na Unguja ikawa imeungana na bara. Pemba haikuungana. Kati yake na Tanga pana shimo la bahari lenye kina kinachofika kama mita 800. Kijana wangu alinieleza hayo tukiwa tumeshika chuma cha meli, mimi nikiomba moyoni nisitapike. Akaniambia nigeuke nitazame nyuma, milima yetu. "Miamba ile ya kwetu haiishii Tanga, mama. Inateremka chini ya bahari hii, na Pemba imekalia mchanga na chokaa juu yake, kilomita nyingi."

Upande wa magharibi wa Pemba ni vilima, mikarafuu, minazi na udongo mwekundu. Udongo huo na mchanga wake viliteremshwa na mito ya bara zamani sana, kabla kisiwa hakijawa kisiwa. Lakini gari ilipoelekea Micheweni nchi ikabadilika mbele ya macho yetu. Ardhi ikawa tambarare, miti ikawa mifupi, na mawe ya kijivu yenye ncha yakachomoza kila mahali kama meno. Wenyeji huita nchi ya namna hiyo uwanda. Kando ya njia tuliwaona akina mama wameketi chini ya vibanda vya makuti wakipasua kokoto kwa nyundo, watoto wadogo pembeni. Niliteremka kuwasalimu, na kwa tabia yangu ya kazi nikawatazama macho kwanza. Mmoja alikuwa na jicho jekundu, kibanzi kimemrukia juzi. Dada yangu unayesoma ukiwa mahali popote mawe yanakopasuliwa, tafuta miwani ya kukinga macho, na mtoto asikae upande ambako vibanzi vinaruka.

Shumba tulipokelewa kama watu waliokuwa wakisubiriwa mwaka mzima. Nilijifunga mtandio wangu vizuri, maana karibu Wapemba wote ni Waislamu na nyumba ya watu ina heshima yake. Kijana akamwamkia Bi Mkubwa, akaitikiwa, "Marahaba mjukuu wangu," na kabla hata hatujanywa maji Bi Mkubwa akataka kuliona jiwe. Akalipapasa kwa kiganja. Akaligonga kwa mwana wake, akasikiliza. Akaligonga tena upande wa pili. "Hili kweli," akasema. Ndipo tukaruhusiwa kukaa.

Jioni, wakati samaki wanapakwa nazi, kijana wangu aliomba siki. Shoga yangu akadhani anataka kachumbari. Akachukua kipande cha jiwe la uani, akakikwaruza kwa kisu mpaka unga ukatoka, akadondoshea siki matone mawili. Kikatoa povu, mnaweza kulisikia likichemka. Akafanya vilevile kwenye ukingo wa jiwe la Usambara. Kimya. Watoto wote wa nyumba wakaja wakitaka kuona tena, na siki ya watu ikaisha.

Sababu yake ni kwamba jiwe la Shumba lilijengwa na viumbe. Ni matumbawe na makombe, chokaa tupu, na chokaa ikikutana na uchachu hutoa hewa. Sehemu kubwa ya matumbawe tunayoyaona yameinuka juu ya maji katika mwambao wetu yalikua wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, miaka ipatayo 125,000 iliyopita. Ni jiwe jepesi, lenye matundu. Linafaa kujengea, na linafaa kwa msio wa kusugulia liwa, kwa sababu liwa ni laini. Lakini ukisagia mtama au bizari, jiwe lenyewe ndilo linalosagika. Kijana wangu alikuwa amesema kweli jikoni kwangu Lushoto. Na ile magaga nyeupe iliyoganda ndani ya birika la shoga yangu ni chokaa hiyohiyo, inayoyeyuka katika maji ya kisima.

Bi Mkubwa aliyafuata maneno haya kwa makini, kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kuliuliza. "Na hilo la kwenu, nani kalifanya gumu?"

Nitawaeleza jinsi kijana alivyojibu, kwa maneno yangu, maana alitumia vitu vya mle mle jikoni.

Dunia ina umri wa miaka kama bilioni 4.5. Mwanzoni ilikuwa ya moto, na ganda lake la kwanza lilikuwa jiwe jeusi, zito, kama lile linalotoka kwenye volkano. Ganda hilo lilipozama tena ndani na kupata moto, pamoja na maji yaliyokuwamo, halikuyeyuka lote. Iliyeyuka ile sehemu yenye kuyeyuka upesi, nayo ilikuwa nyepesi, ikapanda juu. Mama yeyote wa pwani aliyetengeneza mafuta ya nazi anajua jambo hili. Unachemsha tui taratibu, mafuta yanajitenga na kuelea, makapi yanabaki chini. Mafuta ya dunia ni graniti na jamaa zake, miamba yenye rangi ya kijivu au waridi. Kazi hiyo ilirudiwa mara nyingi sana, na vipande vilivyoelea vikaungana vikawa mabara. Kwa kuwa ni vyepesi havizami. Ganda la chini ya bahari kuu huzama na kupikwa upya, ndiyo maana sehemu kubwa ya sakafu ya bahari duniani haizidi miaka milioni 200, lakini ganda la bara hubaki. Huko Kanada kuna jiwe la miaka kama bilioni 4.

Hapa kwetu ganda hilo la kale ni nchi ya Dodoma, Singida, Tabora, Shinyanga na Mwanza. Yale mawe makubwa yaliyobebana pale Mwanza kando ya ziwa, na majabali ya Dodoma ambayo wengi wenu mmepita chini yake kwa basi, ni ya miaka bilioni 2.5 na zaidi. Wakati yanapoa hapakuwa na mti, samaki wala mdudu, ila viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho.

Usambara ni habari nyingine. Pale upande wa mashariki wa nchi hiyo ya Dodoma palikuwa na bahari iliyokwisha kutoweka. Bahari hiyo ilijifunga, na mabara yaliyokuwa ng'ambo yake yakaja yakagongana na la kwetu, kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita. Ikainuka milima ambayo wataalamu huilinganisha na Himalaya ya leo, kutoka Msumbiji kupita Tanzania na Kenya kwenda kaskazini. Sisi watu wa Usambara, Upare na Uluguru tunakaa kwenye mizizi ya milima hiyo. Vilele vilikwisha kuliwa na mvua na mito. Mawe tunayoyakanyaga yalikuwa chini kabisa, kilomita 30 na zaidi, kwenye joto la nyuzi kama 800, yamekandamizwa na mlima mzima.

Jambo la ajabu ni kwamba mengi hayakuyeyuka. Hapo kijana alitolea mfano tofali. Udongo wa mfinyanzi ukiuchoma haugeuki kuwa uji, unabaki na umbo lake, lakini ndani umekuwa kitu kingine, na hata ukilowekwa mwaka mzima haurudi kuwa udongo. Miamba iliyogeuzwa hivyo bila kuyeyuka ndiyo wataalamu wanaiita metamofiki. Tope la bahari ya kale likawa jiwe gumu lenye mistari myeupe na myeusi, linaloitwa naisi. Chembe zilijipanga upya kulingana na mkandamizo, na madini mapya yakazaliwa. Zile punje nyekundu kama kunde zilizotapakaa kwenye jiwe letu ni ganeti, na mtaalamu akizipima anaweza kukadiria zilizaliwa kwenye kina gani na joto gani. Tanzanaiti ya Mererani, iliyotambuliwa mwaka 1967, na rubi za Mahenge, ni watoto wa tanuri hilohilo.

"Na jiwe letu hili la Shumba likipelekwa huko chini?" Bi Mkubwa akauliza.

Linakuwa marumaru. Hapo mwenyewe alifurahi, kwa sababu Wapemba wanachoma chokaa tangu zamani. Ukipanga matumbawe juu ya magogo na kuyachoma hapa juu, hewa yake inatoka na linabaki vumbi jeupe la kupakia ukuta. Lakini chini sana mkandamizo hauruhusu hewa kutoka, basi chokaa hiyohiyo inajisuka upya na kuwa marumaru ngumu yenye kung'aa. Marumaru za Morogoro zilikuwa chokaa ya bahari iliyotangulia hii yetu.

Ilibaki hesabu ya miaka, na hapa nilisikiliza kwa makini kuliko wote, kwa sababu ndiyo iliyovunja Krismasi yetu. Ndani ya miamba kuna punje za zirkoni, nyingi ndogo kuliko punje ya chumvi. Punje hiyo inapozaliwa huingiza urani kidogo lakini risasi haiipendi, inaiacha nje. Urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika. Kwa aina moja ya urani, nusu yake hugeuka katika miaka kama bilioni 4.5. Sisi wauguzi tunaijua hesabu ya namna hiyo kwa dawa. Dawa nyingi hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya muda fulani, na ukijua kilichobaki unaweza kusema mgonjwa alimeza lini. Ukipima urani na risasi ndani ya punje, unajua iliumbwa lini.

Mmoja wa walioanzisha kazi hiyo ni Mwingereza Arthur Holmes. Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 21, alikwenda Msumbiji kutafuta madini, akaugua malaria vibaya hata habari ya kifo chake ikapelekwa kwao. Akapona. Mwaka 1913 alitoa kitabu juu ya umri wa dunia, na mwaka 1951 ndiye aliyeupa ukanda huu wote wa miamba yetu jina la Msumbiji. Sijui ni nani aliyekaa naye usiku homa ilipopanda, lakini ningependa kumshukuru.

Siku ya pili tulitembezwa Tumbe, jirani tu. Pale wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta kijiji cha zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na ndani yake maelfu ya vigae vya vyungu vyenye mifereji, ambavyo vilitumika kunolea shanga za makombe. Mimi naona hao nao walikuwa na shida ya Bi Mkubwa. Mahali pasipo na jiwe gumu, mtu hunolea kigae. Jiwe zuri lilisafiri baharini tangu enzi hizo. Vyombo vilivyochongwa kwa jiwe laini la kijani la Bukini, ndiyo Madagaska, vimepatikana katika miji ya kale ya pwani, Kilwa ikiwemo. Na jiwe hilo nalo ni metamofiki, maana Bukini ilikuwa imeshikamana na mwambao wetu kabla haijaanza kujitenga, miaka kama milioni 160 iliyopita. Katika nafasi iliyoachwa ndipo mchanga na chokaa vilipoanza kujaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni za mafuta zilitoboa kisima hapa Pemba kwa zaidi ya kilomita 3, wala hawakuufikia mwamba wa kale.

Usiku wa pili umeme ulikatika. Shoga yangu na mama yake walikuwa wanaswali Isha ndani, sisi tumekaa barazani. Nikaona ndiyo nafasi. Nikamwambia kijana wangu kwamba mimi nimepokea watoto wengi kwa mikono hii, na chuoni nilifundishwa jinsi mtoto anavyofanyika tumboni wiki kwa wiki, moyo lini, vidole lini. Nayajua hayo yote, na kila nikimkata kitovu mtoto ninasema ni Mungu amemuumba, na sijawahi kuona kwamba ninadanganya upande wowote. Kama miezi 9 haimwondoi Mungu, miaka milioni 600 itamwondoaje? Nikamkumbusha Zaburi ya 90, sala ya Musa, inayotaja milima na miaka elfu. Najua wapo watumishi wa Mungu ninaowaheshimu ambao hawatakubaliana nami, na sitaki kugombana nao.

"Lakini baba yako ulimjibu vibaya," nikasema.

Alikaa kimya muda mrefu. "Nilimjibu vibaya, mama. Na yule mzee pia." Baadaye akasema kilichomkalia moyoni si hoja ya mzee, bali kwamba baba yake hakumuuliza swali hata moja tangu siku ile, wakati watu wasiomjua pale Shumba walimuuliza hadi usiku wa manane.

Asubuhi ya kuondoka Bi Mkubwa alikuwa amekwisha kulisugua jiwe jipya kwa maji na pumba, akasaga mchele konzi tatu na kuumwaga kwa kuku, maana unga wa kwanza haulishwi watu. Konzi ya nne aliusaga wa vitumbua vyetu. Mkono wa mama wa miaka themanini ulikwenda mbele na nyuma kama mtu anayetembea.

Kisha akaingia ndani akatoka na nusu ya lile jiwe lililovunjika. Lilikuwa limelika katikati kama mtumbwi. Kijana alilipeleka juani, akalilowesha mate kidogo kwa kidole, akatuonyesha: mistari ileile, na ganeti, zimesagwa zikawa bapa. Jahazi la marehemu lilikuwa limebeba jiwe la milima yetu miaka yote hiyo na sisi hatujui. Bi Mkubwa akamwambia alichukue, nusu ya pili itabaki kwake, kwa sababu ni ya mumewe.

Tulifika Lushoto baada ya magharibi. Baba watoto alikuwa ameketi mezani, Biblia mbele yake, bado hajaifungua. Kijana akamwamkia, akaweka lile jiwe juu ya meza, akasimama. Mume wangu alilitazama, akavaa miwani, akalivuta karibu na taa.

"Hizi nyekundu ni nini?" akauliza.

Kijana akavuta kiti.